MICHE MINGI SI MCHELE MWINGI



Kuna neno moja ambalo limerudiwa sana mabondeni mwetu hata limekuwa kama sheria: "Banana miche, ujaze jaruba, ndipo utakapovuna." Neno hili husemwa na msimamizi anayelipwa kwa kutazama wengine wakiinama. Husemwa na muuza mbegu anayelipwa kwa kilo. Husemwa hata na mwenye shamba mwenyewe, kwa kuwa anaogopa kuona maji yanang'aa kati ya miche na kudhani kwamba kila mahali patupu ni sahani iliyopotea. Leo twataka kulipinga neno hili hadharani, kwa hesabu wala si kwa matusi.

Na tukiisha kulipinga hilo, hatutamwachia nafasi ndugu yake, yule aliyekuja nyuma na maneno matamu: kwamba ipo kamba moja, yenye kipimo kimoja, iliyopatikana mbali, ambayo yafaa kila shamba la dunia hii, na kazi ya mkulima ni kuishika tu upande wa pili. Maneno haya mawili yanaonekana kama maadui. La kwanza lasema panda karibu karibu, la pili lasema panda mbali mbali. Lakini yamezaliwa tumbo moja, maana yote mawili yamfanya mkulima kuwa mtu wa kuamriwa.

Kwa nini tunahangaika na jambo la nafasi kati ya mche na mche, wakati nchi ina matatizo makubwa kuliko hayo? Twajibu: ni kwa sababu ya matatizo hayo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamechinjwa majumbani na mashambani. Mkulima aliyekuwa na shamba mbali, kando ya njia ya Mbau kwenda Kamango au kuelekea Eringeti, ameliacha mara nyingi kuliko alivyolivuna. Utawala wa kijeshi ulianza tarehe 6 Mei 2021, na bado mama anauliza kila asubuhi kama njia ya shambani ni salama. Ardhi haikupungua hata shubiri, lakini ardhi inayofikika imepungua. Basi jaruba dogo lililo karibu na nyumba limebeba mzigo wa mashamba matatu. Mtu mwenye mashamba matatu aweza kukosea katika moja. Aliyebakiwa na jaruba moja hana nafasi ya kukosea. Na huku nyuma, maduka ya Butembo yanauza mchele uliovuka bahari kutoka Asia, ukapita bandarini, ukapita Kasindi, ukalipiwa kila kizuizi, na bado mama ananunua.

Tuseme wazi kwanza tunazungumzia mpunga gani. Sehemu kubwa ya mpunga wa wilaya ya Beni ni wa mvua, unaopandwa kwa mbegu moja kwa moja ardhini. Huo una sheria zake. Hapa twasema juu ya mpunga wa majaruba, ule unaooteshwa kitaluni, ukang'olewa, ukapandikizwa katika tope lililosawazishwa na kuletewa maji kwa mfereji. Mito ishukayo Ruwenzori kwenda Semuliki, kama Butahu na Lume, haikauki kwa urahisi. Mahali penye mto na tambarare, mpunga wa namna hiyo wawezekana, na hapo ndipo swali la nafasi linapoanza.

Sasa tufanye hesabu. Mgodini hakuna karani anayehesabu mabeseni ya mchanga kisha akaandika katika daftari kwamba hiyo ndiyo dhahabu. Beseni ni beseni na dhahabu ni dhahabu. Vivyo hivyo mche ni mche na mchele ni mchele. Kati ya hivyo viwili kuna ngazi nne, na atakaye kusema juu ya mavuno hana budi kuzipanda zote: masuke mangapi katika meta moja ya mraba, punje ngapi katika kila suke, punje ngapi kati ya hizo zimejaa na ngapi ni mapepe, na uzito wa punje elfu moja. Ukizidisha hizo nne, umepata mavuno. Idadi ya miche haimo katika ngazi hizo.

Maana mpunga si muhindi. Muhindi mmoja hutoa bua moja, na ukiupa nafasi kubwa utabaki na bua lile lile. Mpunga huzaa. Mche mmoja uliopata mwanga, maji na chakula hutoa machipukizi pembeni mwake, na chipukizi lililowahi huleta suke lake. Ukiupanda mbali na mwenzake, huzaa wengi na kuijaza nafasi. Ukiubana, huzaa wachache. Ndiyo sababu mpunga huvumilia makosa mengi ya mpandaji: kati ya kubana sana na kutawanya sana pana uwanja mpana ambamo mavuno hayabadiliki sana, kwa kuwa mmea wenyewe unajirekebisha.

Tuchukue mfano, tarakimu zake tumeziweka wenyewe ili hesabu ionekane. Ukipandikiza kwa sentimeta 20 kila upande, utapata mashina 25 katika meta ya mraba. Kila shina likitoa masuke 12, utakuwa na masuke 300. Kila suke likiwa na punje 90, ni punje 27,000. Zikijaa 80 katika kila 100, zimebaki 21,600. Punje elfu zikiwa na gramu 25, umepata gramu 540, nayo ni tani 5 na kilo 400 kwa hekta.

Jirani yako amebananisha kwa sentimeta 15. Ana mashina 44. Shamba lake ni la kijani tangu wiki ya pili na wapita njia wanamsifu. Lakini kila shina limetoa masuke 8 tu. Ana masuke 352, zaidi ya yako, naye anafurahi. Ngoja. Majani yamezibana, yale ya chini hayaoni jua, suke limekuwa fupi: punje 70. Chakula hakikutosha wote, zimejaa 75 katika kila 100. Hesabu inakuja gramu 462, yaani tani 4 na kilo 600. Kwa masuke mengi zaidi amepata mchele kidogo zaidi. Na hapo hatujahesabu upepo. Mpunga uliobanwa hurefuka ukitafuta jua, bua lake huwa jembamba, na mvua moja ya usiku huulaza chini. Wala hatujahesabu unyevu unaokaa kati ya majani hata saa nne asubuhi, ambao ukungu wa majani na wa shingo ya suke huupenda kuliko kitu chochote.

Asiyeamini hesabu na aende ukingoni mwa jaruba lake mwenyewe. Atazame shina la pembeni kabisa, lililo karibu na tuta, kisha atazame shina la katikati. Lile la pembeni lina masuke mengi na mazito. Mbegu ni moja, tope ni moja, siku ya kupanda ni moja. Tofauti ni kwamba upande mmoja halikuwa na jirani. Shamba limekuwa likitufundisha jambo hili kila mwaka, na sisi tumekuwa tukilipita.

Sasa tuje kwenye mbegu, maana hapo ndipo mfuko wa mkulima unapotobolewa. Yule wa sentimeta 15 hupandikiza miche 6 katika kila shina, akisema ikifa miwili itabaki minne. Kwa hekta ni miche 2,640,000. Hata kama kila mbegu ingeota, ni kilo 66 za mbegu. Yule wa sentimeta 20 anayeweka miche 2 anahitaji miche 500,000, nayo ni kilo 12 na nusu. Ongeza za kufidia zisizoota na zilizoliwa na ndege, ongeza kwa wote wawili, na tofauti inabaki pale pale: zaidi ya kilo 50 za mpunga zimezikwa topeni bila faida. Zingekobolewa zingetoa zaidi ya kilo 30 za mchele. Hicho ni chakula cha watoto katika miezi ile ambayo ghala ni tupu. Ndugu, anayetuambia tubanane miche, na tumwulize kwanza: wewe unauza nini?

Tumemaliza na neno la kwanza. Sasa tulishike la pili, maana lina wafuasi waliosoma.

Mwaka 1983, huko Antsirabe katika nyanda za juu za Madagaska, padre mmoja Mfaransa wa shirika la Wajesuiti, Henri de Laulanié, aliona miche iliyopandikizwa ikiwa na siku 15 tu, mmoja mmoja, ikizaa machipukizi kuliko alivyowahi kuona. Kutokana na hayo ukatoka utaratibu wenye mambo kadhaa pamoja: miche michanga, mche mmoja katika shina, nafasi ya sentimeta 25 au zaidi katika mistari, maji yanayoingizwa na kutolewa badala ya kufurika daima, samadi, na palizi ya mashine ndogo ya kusukuma. Mwaka 2009 utaratibu huo uliletwa Mwea, kwenye tambarare za Kirinyaga chini ya Mlima Kenya, na wakulima wengi wa huko wakaufuata kwa sentimeta 25 kwa 25. Walipunguza mbegu sana, na wengi walivuna zaidi. Hilo hatulikatai, na twalisifu.

Lakini tazama lililofuata. Watu walikata kipande kimoja cha utaratibu, kile cha kamba, wakakipeleka huku na huko kama dawa ya sokoni. Zikatangazwa tani nyingi mno kwa hekta hata wanasayansi wakaanza kugombana majaridani. Mwaka 2004 wengine waliandika waziwazi kwamba tarakimu kubwa kabisa hazisadikiki. Mkulima hana haja ya kuingia katika ugomvi huo. Yampasa aulize jambo moja tu: nafasi ile ilifanya kazi pamoja na nini? Mwea ina mifereji, ina zamu za maji, ina mtu wa kufungua na kufunga. Ukichukua kamba ya Mwea ukaacha maji ya Mwea, umechukua kamba tu.

Hebu fikiri. Mche wa siku 10 ni mdogo kama unyasi. Ukipandikizwa katika jaruba lisilosawazishwa, upande wa chini utazama na upande wa juu utakauka. Mche wa siku 40, uliochelewa kitaluni kwa sababu njia ilifungwa kwa milio ya risasi, umekwisha kupoteza machipukizi yake ya kwanza. Hata ukiupa uwanja mzima hautazaa tena kama zamani. Upande kwa sentimeta 30 katika udongo uliochoka, utapata mashina 11 kwa meta ya mraba. Tuseme kila shina masuke 15, kila suke punje 110, zijae 80 katika kila 100. Hesabu ni gramu 363 tu, tani 3 na kilo 600. Masuke yanapendeza kwa picha, ghala halikujaa. Na nafasi iliyoachwa wazi haikukaa bure, maana magugu hayangoji kualikwa.

Kwa hiyo nafasi inasogea, na yatupasa kujua inasogezwa na nini. Udongo wenye rutuba, mbegu ya muda mrefu inayozaa machipukizi mengi, miche michanga na maji unayoyatawala: hapo tanua, nenda sentimeta 25. Udongo maskini, mbegu ya muda mfupi, miche iliyozeeka, au mahali pa baridi ambapo mpunga huzaa polepole: hapo kaza, nenda 20 kwa 15, na ongeza mche mmoja katika shina. Bonde la Semuliki lina joto. Ukipanda kuelekea Butembo usiku unakuwa baridi, na baridi ikikuta suke lingali tumboni mwa bua huleta mapepe, na hakuna nafasi itakayoponya hilo. Aliye katikati na asiyejua aanzie wapi, aanze na 20 kwa 20, miche 2 au 3, yenye wiki 3 hivi, kisha asogee kwa kuona.

Mtu atatuuliza: je, hamwoni kwamba kupanda kwa mistari ni kazi ya ziada, na kazi hiyo huwaangukia kina mama? Twaona, na hilo ndilo swali la haki kuliko yote. Mama aliyezoea kutupia miche akirudi kinyumenyume huchelewa mwaka wa kwanza akifuata kamba. Lakini palizi ya shamba lisilo na mistari ni ya mikono na mgongo, siku kwa siku, na hakuna mashine inayoweza kupita. Penye mistari, mashine ya kusukuma hupita. Basi anayedai mistari bila kuleta mashine hiyo, na bila mwanaume kuishika, ameongeza mzigo upande mmoja na kuuacha upande wa pili ulivyokuwa. Hilo tutalikataa.

Wazee wetu waliijua kamba ya kupimia kabla yetu. Sheria ya Kibelgiji ya mwaka 1917 iliruhusu mtu mweusi alazimishwe kulima siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikapandishwa hata 120. Pamba ilikuwamo, na mpunga ulikuwamo, maana wafanyakazi wa migodi walipaswa kulishwa. Agronomi alikuja, akapima eneo, akaandika jina, na aliyepungukiwa alitozwa faini au kufungwa. Walipima shamba kwa uangalifu mkubwa. Maswali ya mkulima hawakuyaandika. Mwea nayo ilianza hivyo: katika miaka ya 1950 mifereji yake ilichimbwa na mahabusu wa vita vya Mau Mau, na kwa miaka mingi baadaye mkulima aliamriwa apande nini na amuuzie nani, mpaka mwaka 1998 na 1999 wakulima wenyewe waliposimama na kukataa kupeleka mpunga wao kwa Bodi. Mtu aliyekwisha kulimishwa kwa amri ana haki ya kuitazama kila kamba kwa jicho la pili.

Basi tufanye nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu ujao, kila kikundi cha wakulima na kitenge jaruba moja. Ligawanywe vipande vitatu vya meta 5 kwa 5: kimoja kwa sentimeta 15, cha pili kwa 20, cha tatu kwa 25. Mbegu iwe ile ile, siku ile ile, idadi ya miche ile ile katika kila shina, maji yale yale, palizi ile ile. Wakati wa mavuno acheni mistari miwili ya pembeni, maana tumeona kwamba ya pembeni hudanganya. Pimeni meta 3 kwa 3 za katikati, pukuteni, kausheni, pepeteni, mpime kwa mizani mbele ya watu. Andikeni pia kilo za mbegu na siku za kazi. Rudieni msimu wa pili, kwa kuwa mvua ya mwaka mmoja si shahidi wa kutosha. Kazi hiyo haihitaji mgeni wala mfadhili. Yahitaji kamba, mizani, na mtoto mmoja anayejua kuandika.

Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye kitivo cha kilimo. Maagronomi wanaosomeshwa kwa jasho la wazazi hawa hawa waje wakae ukingoni mwa jaruba, wasome madaftari hayo, na waandike majibu kwa Kiswahili na kwa Kinande, ili anayepanda ayasome kabla ya yule anayeuza.

Na wale wasemao kwamba mchele wa Asia umejaa Butembo kwa sababu mkulima wa Beni ni mvivu au mjinga, na watuoneshe kwanza hesabu yao. Mfungulieni njia ya shamba, mpeni mfereji usiobomoka, mpeni mashine ya palizi na mbegu safi, kisha mwacheni apime nafasi yake mwenyewe. Jaruba ni lake na mgongo unaoinama ni wake. Na kamba iwe mkononi mwake.

Karani wa mgodi, Butembo